Oksimita isiyokula betri: shajara ya mradi, Lubumbashi

Shajara hii ni ya mafundi wenzangu wanaopokea vifaa vya hospitali kwenye meza ileile ya redio na simu. Nitaongeza habari kila hatua inapokamilika: ya kawaida nitayapitia mbio, ya kusumbua nitayaeleza kwa kirefu. Vipuri nimeandika bei kwa dola, kama tunavyovinunua hapa, na faranga kwa vitu vya sokoni. Karakana iko komini (sehemu ya mji) ya Kenya, Lubumbashi, Kongo, si nchini Kenya, nimeshaulizwa.

Kabla ya lolote: kifaa ninachokitengeneza hapa, oksimita ya kupima kupitia kidole oksijeni iliyomo kwenye damu, ni cha majaribio. Mgonjwa asipewe oksijeni wala asinyimwe kwa sababu ya namba yake. Sababu nimeieleza chini ya tarehe 20 Julai.

6 Aprili 2024: Kilichoanzisha

Oksimita za kubana kidoleni zilijaa mjini wakati wa korona, na sasa zinamiminika kwa mafundi. Nyingi hazijaharibika. Betri zimeisha, au zimevujia ndani na kutu ya kijani imekula vibati vya kugusia. Mama munganga (mhudumu wa afya) wa zamu ya usiku kwenye kituo cha afya cha mtaani aliniletea ya kwake, mfuniko umeshikiliwa na plasta ya vidonda.

"Papa fundi, haka kamashini kanakula betri sana," akasema. "Mimi nakapumzisha."

Kukapumzisha maana yake ni kuchagua nani apimwe. Jozi ya betri za AAA za bei ya chini ni faranga 2,000, na kituo hakina bajeti ya betri. Basi mtoto anayehema anapimwa, aliyetulia anaachwa. Tatizo ni kwamba aliyetulia anaweza kuwa ndiye aliyechoka zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto ambaye oksijeni ya damu yake iko chini ya asilimia 90 apewe oksijeni, na hiyo 90 huwezi kuiona kwa macho.

Kwa anayeanza, kifaa kinafanya kazi hivi. Damu iliyobeba oksijeni hunyonya zaidi mwanga wa infraredi. Iliyoikosa hunyonya zaidi mwanga mwekundu. Taa mbili huwaka kwa zamu, nyekundu ya nanomita 660 na infraredi ya 880 au 940 kutegemea kifaa, na diodi hupokea mwanga unaosalia. Sehemu kubwa ya mwanga huo haibadiliki, maana ni wa ngozi, nyama na damu iliyotulia. Kinachopanda na kushuka kwa kila pigo la moyo ni asilimia moja au mbili tu. Takuo Aoyagi, mhandisi wa Nihon Kohden huko Japani, ndiye aliyeonyesha mwaka 1974 kwamba mtikisiko huo mdogo unatosha kuitenga damu ya ateri (mishipa inayotoka moyoni) na vyote vingine vilivyomo kidoleni. Gawanya mtikisiko kwa kilichotulia upande wa nyekundu, fanya vivyo hivyo upande wa infraredi, kisha gawanya jibu la kwanza kwa la pili. Huo ndio uwiano R. Kanuni ya vitabuni, ya kukadiria asilimia ya oksijeni, ni 110 kutoa 25R. Mtu mwenye afya ana R ya karibu 0.5, yaani 97 na ushee.

Umeme unapotelea kwenye asilimia hiyo moja. Unamwaga mwanga mwingi ili uone mtikisiko mdogo, na huwezi kuupunguza ovyo: ukipunguza mwanga mara nne, ishara inadhoofika mara mbili dhidi ya kelele ya mwanga wenyewe.

13 Aprili: Umeme unakwenda wapi?

Nilikuwa na oksimita moja ya vipuri, kasha limepasuka lakini bodi nzima. Niliunganisha multimita kwenye njia ya betri, upande wa miliampea. Kifaa kikawaka, kikaonyesha mistari miwili, kikazima. Kikawaka tena, kikazima tena.

Kifaa hakina kosa. Fyuzi ya mita, rezista yake ya ndani na zile nyaya zake nyembamba kwa pamoja zinafikia om kadhaa. Kioo kinapowaka na taa zikipiga kwa pamoja, volti zinaanguka na kibadilisha volti kinakata tamaa. Hata pale kinapodumu, mita inahangaika kwa sababu umeme unakuja kwa mapigo mafupi.

Dawa ilitoka kwenye amplifaya mfu ya muziki: kapasita kubwa ya mikrofaradi 10,000. Iweke sambamba na kifaa, kisha weka rezista ya om 1 kati yake na betri. Kapasita inabeba mapigo, na kwenye rezista unasoma wastani kwa milivolti. Milivolti moja ni miliampea moja. Kwa vifaa vinavyovuta kidogo badilisha uweke om 10, na kwa usingizi weka kilo-om 1. Anayetaka kuiga mradi huu aanzie hapa. Bila kipimo hiki utakuwa unabahatisha.

Jumla ilikuwa miliampea 33 kwa volti 2.8. Kisha nikakata njia moja moja kwenye bodi. Kioo cha OLED (kinachotoa mwanga chenyewe) kilikula 14, maikrokontrola (kompyuta ndogo inayoendesha kifaa) 8, taa pamoja na saketi ya kupokea mwanga 6, na karibu 5 zikapotelea kwenye kibadilisha volti.

Niliirudia hesabu hiyo, kwa kuwa nilikuwa na hakika taa ndizo walaji wakubwa. Kwenye maandishi ya wataalamu ni hivyo: Maziar Tavakoli, Lorenzo Turicchia na Rahul Sarpeshkar walichapisha mwaka 2010 oksimita ya miliwati 4.8, wakiwa wameshughulika zaidi na amplifaya makini inayoruhusu taa ziwake kwa muda mfupi. Lakini wao walikuwa wameshafuta mengine yote. Kifaa cha bei rahisi kinakula zaidi ya miliwati 90, na sehemu kubwa inakwenda kupamba namba kwa rangi mbili.

27 Aprili: Vifaa na bei

Niliamua kujenga yangu badala ya kuichokonoa ile, kwa sababu programu yake haifunguki.

Kihisi cha MAX30102 kwenye bodi ndogo: dola 6. Ndani yake mna taa zote mbili, diodi, na kibadilishi cha kutoa namba. Bodi ya Pro Mini, yenye maikrokontrola, ya volti 3.3 na megahezi 8: dola 6. Kioo cha Nokia 5110, kile cha simu za zamani: dola 5. Regulata za MCP1700, chache kwa pamoja: dola 2. Betri ya simu ya BL-5C: dola 3. Mfanyabiashara anayeleta mizigo kutoka Dar es Salaam kupitia mpaka wa Kasumbalesa alichukua dola 5 za usafiri. Jumla 27.

Kioo cha 5110 kimechaguliwa kwa makusudi. Hakitoi mwanga, kinazuia tu ule uliopo, na bila taa ya nyuma kinavuta robo ya miliampea. MCP1700 yenyewe inajilisha mikroampea 1.6 tu. BL-5C nimeichagua kwa sababu kila kibanda cha simu hapa kinayo, na kila nyumba ina chaja ya kuibana.

Angalizo kuhusu BL-5C. Niliimaliza moja mpya kupitia rezista ya om 22 huku nikitazama saa. Imeandikwa miliampea-saa 1,020, ikatoa 610. Ya zamani iliyotoka kwenye simu halisi ilitoa 780. Usiamini maandishi ya kwenye betri, pima mwenyewe.

11 Mei: Kihisi bubu, kisha asilimia 60

Bodi ya kihisi haikujibu kabisa. Programu ya kutafuta anwani za I2C (nyaya mbili ambazo chipu huzungumzia) ilipita 0x57, anwani ya kihisi, kana kwamba hakuna kitu.

Zile bodi za kijani zina rezista za kuvuta juu zilizofungwa kwenye volti 1.8. Maikrokontrola ya volti 3.3 inahitaji kuona angalau 2.3 ndipo ikubali kwamba waya uko juu, ikipewa 1.8 inauhesabu uko chini daima. Nilikata njia nyembamba inayokwenda kwenye rezista hizo kwa wembe, nikazilehemu waya wa unywele hadi 3.3. Kihisi kinavumilia bila shida. Kazi ya robo saa, mradi uwe na kioo cha kukuzia na mkono usiotetemeka.

Kikaanza kusema. Kikaniambia nina asilimia 60, nami nimeketi nakunywa chai.

Kwenye baadhi ya bodi za kihisi hiki nyekundu na infraredi zimebadilishana nafasi. Ukizigeuza, R ya 0.5 inakuwa 2, na 110 kutoa 50 ni 60 kamili. Namba hiyo ukiipata kwa mtu mzima anayecheka, usimkimbize hospitali. Washa njia moja tu kwa rejista (kisanduku cha mipangilio ndani ya kihisi) 0x0C na utazame: nyekundu utaiona kwa macho, infraredi utaiona kwa kamera ya simu kama zambarau hafifu. Nilibadilisha majina mawili kwenye programu, namba ikawa 97.

25 Mei: Kulala na kuamka

Taa ya kuonyesha umeme kwenye Pro Mini niliing'oa, na regulata yake pia, nikaweka MCP1700. Hayo ni ya kawaida.

Kazi kubwa ilikuwa kuifundisha maikrokontrola kulala. Kihisi kina ghala la sampuli 32. Hakuna sababu ya kuamka kwa kila sampuli. Acha ghala lijae hadi 25, kihisi kivute chini waya wa INT (wa kuamshia), maikrokontrola iamke, isome zote kwa mkupuo, ihesabu, ilale. Kwa sampuli 50 kwa sekunde, inaamka mara mbili tu kila sekunde, kila mara kwa milisekunde chache.

Iliamka vizuri kwa dakika moja au mbili, kisha ikalala moja kwa moja. Kuizima na kuiwasha kulisaidia, halafu ikarudi kulala. Kila nilipounganisha waya wa kompyuta ili nichunguze, ugonjwa ukapotea, kwa sababu ujumbe wa kompyuta ulichelewesha kila kitu.

Chanzo kilikuwa kwenye nafasi ndogo kati ya kumaliza kusoma na kulala. Nilikuwa naisubiri INT wakati inaanguka. Kama imeshaanguka kabla maikrokontrola haijafumba macho, haianguki tena: inabaki chini ikisubiri mtu asome rejista 0x00, na huyo mtu amelala. Tena ATmega328P, ile maikrokontrola ya Pro Mini, ikiwa kwenye usingizi mzito haiahidi kuona mwanguko wenyewe, inaahidi kuona hali ya chini. Basi: weka usumbufu (interrupt, ishara ya kuamsha) wa hali ya chini, si wa mwanguko, uzime ndani ya kazi yenyewe ya usumbufu ili usijirudie bila kikomo, soma 0x00 baada ya kuamka, washa tena usumbufu dakika ya mwisho kabla ya kulala. Tangu hapo haijakwama.

Jumla ikawa miliampea 1.6 kifaa kikipima. Kioo 0.25, maikrokontrola 0.15 hivi, kihisi chenyewe na taa zake vimechukua zilizobaki. Sasa mwanga umekuwa mlaji mkuu kweli, kama wataalamu walivyosema.

8 Juni: Muhogo wenye mapigo ya moyo

Ili kujua kifaa kinajidanganya kiasi gani, kipe kitu kisicho na damu. Nilikata kipande cha muhogo mbichi unene wa kidole, nikakiweka juu ya kihisi, nikakifunga kwa mpira. Mchana, dirishani: hakuna mapigo. Vizuri. Jioni umeme ukarudi, taa ya tyubu ikawaka juu ya meza, na muhogo ukapata mapigo 48 kwa dakika. Mazuri, ya mdundo uliotulia, bora kuliko yangu.

Jirani alikuja kuutazama akasema huo ni muhogo wa mwanariadha.

Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa ya tyubu hupepesa mara mbili ya hapo, mara 100 kwa sekunde. Kihisi kilikuwa kinachukua sampuli 50 kwa sekunde, hivyo kila sampuli inakuta mpepeso mahali palepale. Ila saa ya ndani ya kihisi si sahihi kabisa. Ikikimbia kidogo, tuseme 50.4, basi mahali hapo panasogea polepole na kuchora wimbi la 0.8 kwa sekunde. Zidisha kwa 60: 48. Kihisi kina njia yake ya kutoa mwanga wa nje, na inapunguza sana, lakini ukumbuke tunatafuta asilimia moja. Mabaki kidogo yanatosha. Jenereta ya jirani ilipowashwa mapigo ya muhogo yakaanza kuyumba pamoja nayo, ndipo nikawa na hakika.

Hili ni la hatari kuliko betri. Kidole cha baridi chenye mapigo dhaifu chini ya taa ya tyubu kitaonyesha moyo wa taa.

Dawa ya kwanza haina gharama. Kipande cha tyubu ya ndani ya baiskeli, kimekatwa urefu wa sentimita tano, kinavishwa juu ya kihisi na kidole kinaingia humo. Kioshe kwa sabuni kwanza, kina unga mweupe ndani. Mapigo ya muhogo yakashuka hadi karibu na kelele.

Dawa ya pili iko kwenye namba. Chukua sampuli 200 kwa sekunde, kisha mwambie kihisi atoe wastani wa kila nne. Sampuli nne zinachukua milisekunde 20, yaani mipepeso miwili kamili, na inafutana. Hofu yangu ilikuwa umeme: sampuli mara nne, mwanga mara nne. Hapana. Nilifupisha muda wa kila pigo la taa kutoka mikrosekunde 411 hadi 118. Mwanzo taa iliwaka mikrosekunde 411 mara 50, yaani milisekunde 20.6 kwa sekunde. Sasa 118 mara 200, yaani 23.6. Ongezeko ni dogo, na kelele ya taa imeondoka. Kila sampuli ni dhaifu peke yake, lakini wastani wa nne unairudisha. Muhogo ukafa, na jumla ikasimama kwenye 1.7.

29 Juni: Vidole vya baridi

Alfajiri za kiangazi hapa zinashuka chini ya nyuzi 10, na watu wanakuja kazini na makabuti. Kidole changu saa kumi na mbili asubuhi kilitoa mtikisiko wa asilimia 0.2, wakati mchana kinatoa 1.6. Kifaa kilitafuta, kikatafuta, kikaonyesha vistari.

Jibu la haraka ni kuongeza mwanga. Nililijaribu na likaniambia kwamba nina magonjwa mawili, si moja.

La kwanza ni mwanga unaorudi kuwa mdogo. Fundi magari wa jirani ana ngozi nyeusi tii, na ncha ya kidole chake ina sugu yenye oili iliyoingia hadi kwenye mistari. Kwa mwanga uleule, nyekundu iliyorudi kwake ilikuwa robo ya inayorudi kwa mwanangu. Huyu ukimwongezea mwanga anapona. La pili ni mwanga unarudi tele, lakini damu haitikisiki kwa sababu mishipa imejibana kwa baridi. Huyu ukimwongezea mwanga unajaza tu kibadilishi hadi kinagota juu, na mtikisiko unabaki kidogo vilevile.

Kwa la kwanza: kifaa kinaanza na miliampea 4 ndani ya kila pigo fupi la taa na kupanda kwa hatua za 0.8 hadi mwanga unaorudi ufike nusu ya kipimo, kikomo 25. Nyekundu na infraredi zinapanda kila moja kivyake, kwa kuwa melanini (rangi ya ngozi) hunyonya nyekundu zaidi. Mimi natosheka na 4.8, fundi magari alihitaji karibu 13 kwa nyekundu. Mwanzoni niliacha kifaa kirekebishe muda wote, na kila hatua ilizua ruko lililohesabiwa kama pigo la moyo. Sasa kinarekebisha mwanzoni tu, kinatupa data ya sekunde moja, kisha kinafunga namba hadi kidole kitoke.

Kwa la pili: mtikisiko ukiwa chini ya asilimia 0.4, pigo la taa linarudi kuwa refu la 411 na wastani unachukua mapigo mengi zaidi. Jumla inafika miliampea 3, lakini kwa wakati huo tu. Kabla ya hayo yote kioo kinaandika "sugua mikono". Maneno hayo mawili yameokoa umeme kuliko mstari wowote wa programu.

Hapa ndipo nilipoacha kupunguza. Ningeweza kupangia kifaa kwa kidole changu cha mchana na kujisifu kwa namba ndogo. Mwaka 2020, Michael Sjoding na wenzake wa Michigan walionyesha katika New England Journal of Medicine kwamba oksimita zilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Huko wanazungumzia sehemu ya wagonjwa wao. Hapa ni foleni nzima. Kiwango cha chini cha mwanga lazima kiwekwe na kidole kigumu kuliko vyote, na kidole hicho kwangu ni cha fundi magari, alfajiri, mwezi wa sita.

20 Julai: Kulinganisha na kifaa cha kituo

Watu wazima wenye afya waliojitolea, kidole kimoja kwenye kifaa changu, cha jirani yake kwenye kifaa cha kituo kilichotoka kiwandani. Namba zote zilikuwa kati ya 94 na 98. Mara nyingi tofauti haikupita 2. Kwa fundi magari changu kilisoma juu kwa 4, na ni upande ule mbaya: kumwona mtu mzima kuliko alivyo.

Muhimu zaidi, sina namba hata moja ya chini ya 90, na huko ndiko kifaa kinakohitajika. Kiwango cha kimataifa cha ISO 80601-2-61 kinataka kosa la wastani lisizidi asilimia 4 kuanzia 70 hadi 100, na viwanda huthibitisha kwa kushusha oksijeni ya watu waliojitolea maabarani huku damu ya ateri ikipimwa. Karakana haifanyi hivyo na isijaribu. Kanuni ya 110 kutoa 25R ni ya kujifunzia. Kwa hiyo kifaa changu hakiendi kwa wagonjwa.

Lakini kile kipimo cha tarehe 13 Aprili kinaweza kwenda. Mlaji mkuu kwenye kifaa cha kituo ni kioo, na vingi vya aina hiyo vina ukurasa wa mipangilio ukibonyeza kitufe kwa muda mrefu. Niliuonyesha kwa mama munganga, tukashusha mng'ao hadi chini kabisa: miliampea 33 zikawa 24. Kisha tukaweka betri za kuchaji za NiMH za miliampea-saa 800. Volti zake ni ndogo, hivyo kibadilisha volti kinavuta zaidi, karibu 27. Jozi sasa inapita saa 29, wakati zile za bei ya chini ziliishia kwenye 15 hivi. Chaja pamoja na betri nne ni dola 9, na paneli ya kituo inazichaji mchana. Bodi haikuguswa, uthibitisho wa kiwanda uko palepale.

Alikijaribu na changu, akakipeleka kwenye kona yenye giza. "Papa fundi, na hii usiku nitaisoma namna gani?"

17 Agosti: Taa ya nyuma, mwisho wa betri, na jumla

Taa ya nyuma ya 5110 ikiachwa ilivyo inavuta hadi miliampea 20 na inafuta kazi yote. Kwa rezista ya kilo-om 1 inatosha kusomea gizani, na kitufe kinaiwasha kwa sekunde sita tu.

Kujua betri inakwisha: nilikuwa na kigawanya volti cha rezista mbili, nacho kinavuja mchana na usiku. Nimekitoa. ATmega inaweza kupima volti zake yenyewe kwa kulinganisha na rejeleo lake la ndani la 1.1. Regulata ikishikilia 3.3, betri ni nzima. Volti zikianza kushuka chini ya 3.25, BL-5C iko mwishoni na kifaa kinajizima kwa adabu kabla ya kuanza kutoa namba za uongo.

Bila kidole, kihisi kimezimwa, kioo kimezimwa, maikrokontrola inachungulia mara moja kwa sekunde kwa infraredi hafifu. Nimepima mikroampea 50 hivi. Kwa vipimo 60 vya dakika moja kila siku, matumizi yote ni karibu miliampea-saa 3. Betri ya 780 ingedumu miezi kadhaa, kama haitajiishia yenyewe kwanza.

Mipangilio ya kunakili: rejista 0x08 iwe 0x57, yaani wastani wa nne na usumbufu kwa sampuli 25. Inafanana na anwani ya kihisi, msichanganye. Gharama yote: dola 27 za kifaa, 9 za chaja na betri za kituo, faranga 1,500 za kasha la sabuni lililogeuzwa kuwa kasha la kifaa. Tyubu ya baiskeli nilipewa.

Kinachobaki ni watoto wachanga. Kidole chao hakifuniki kihisi, mwanga unavuja pembeni, na rekebisho langu linapandisha miliampea hadi kikomo bila faida. Kwao hupimwa kwenye unyayo kwa ukanda laini. Nimeagiza kihisi kingine ili nikitoe kwenye bodi yake na kukilehemu juu ya utepe wa plastiki unaokunjika, ule wa ndani ya printa za zamani. Nikifanikiwa, nitaujaribu kwanza kwenye kidole gumba cha mguu wangu, alfajiri.